Shamba la Sola Likija Kijijini: Ardhi, Fidia na Haki ya Jirani katika Uislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu katika imani, miradi mikubwa ya umeme wa jua sasa imefika katika maeneo ambayo zamani yalijulikana kwa mifugo na vumbi tu. Garissa nchini Kenya, shamba la sola la megawati 50 lilizinduliwa Desemba 2019. Kishapu, mkoani Shinyanga, Tanzania ina mradi wa megawati 150 unaoanza na awamu ya megawati 50. Moroko, nchi ya Kiislamu, ilitangulia kwa mradi wa Noor karibu na mji wa Ouarzazate, ambao kwa jumla unafikia takriban megawati 580.

Kila unapofika mradi wa namna hii, wanakijiji hugawanyika. Wapo wanaosema ni neema, kwani jua ni la Allah na halichafui hewa. Wapo wanaosema wameporwa malisho ya wazee wao. Na mara nyingi anayeuliza maswali huambiwa kuwa ni adui wa maendeleo. Makala hii inaeleza malalamiko hayo yanatokana na nini, na sharia ya Kiislamu inasema nini juu ya kila moja.

Kwanini sola inahitaji ardhi kubwa

Paneli iliyo juu ya paa la msikiti haimnyimi mtu chochote. Shamba la sola ni jambo jingine. Mradi wa Garissa una paneli zaidi ya laki mbili zilizotandazwa juu ya hekta 85, yaani karibu hekta 1.7 kwa kila megawati moja. Ule wa Ouarzazate umechukua takriban hekta 3,000. Eneo lote huzungushiwa uzio, kwa sababu ya usalama wa nyaya na wa watu. Tangu siku hiyo mbuzi hapiti, ngamia hapiti, na mama aliyezoea kukata kuni kwa njia ya mkato anazunguka. Hali hiyo hudumu miaka 20 hadi 25 au zaidi, ambayo ndiyo umri wa kawaida wa paneli. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa na watoto wake kabla uzio haujaondoka.

Jambo la pili ni maji. Vumbi likikaa juu ya paneli, umeme hupungua, hivyo ni lazima zisafishwe. Mitambo inayotumia vioo kukusanya joto la jua huhitaji maji zaidi, kwa sababu ina mvuke unaotakiwa kupozwa. Sehemu ya kwanza ya mradi wa Ouarzazate, Noor I, iliyofunguliwa Februari 2016, inapozwa kwa maji ya bwawa la Mansour Eddahbi, bwawa ambalo pia ndilo tegemeo la mashamba ya mitende ya bonde la Draa. Sehemu zilizofuata, Noor II na Noor III, zilijengwa kwa mtindo wa kupoza kwa hewa ili kupunguza matumizi hayo.

Jambo la tatu ni umeme wenyewe. Wengi hudhani kwamba mtambo ukijengwa jirani, taa zitawaka kijijini. Sivyo. Umeme wa mtambo mkubwa huingia kwenye gridi ya taifa kwa nyaya za msongo mkubwa, na mteja hulipa kwa bei ya taifa, awe karibu au mbali. Kuushusha umeme huo hadi nyumba ya mwanakijiji kunahitaji transfoma, nguzo na nyaya ndogo, na huo ni mradi mwingine wenye bajeti nyingine. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi mahali anapoziona paneli zinang'aa mchana, na usiku akawasha kibatari.

Jambo la nne ni ajira. Wakati wa ujenzi vijana wengi hupata vibarua. Ujenzi ukiisha, shamba la sola huendeshwa na mafundi na walinzi wachache. Asiyeelezwa hayo mapema huhisi amedanganywa.

"Ardhi tupu" ni ya nani?

Katika mikutano ya miradi hii kuna neno linalosikika sana: ardhi hii ni tupu, haizalishi kitu. Tuangalie yaliyotokea Ouarzazate. Ardhi iliyochukuliwa ilikuwa ya pamoja, mali ya jamii ya Waamazigh wa Ait Oukrour Toundout. Ilipouzwa mwaka 2010 ilithaminiwa kwa dirhamu 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hoja kwamba ni jangwa lisilolimwa. Fedha hazikugawiwa watu mikononi, bali zilielekezwa kwenye miradi ya maendeleo ya eneo hilo. Watafiti waliofika huko, akiwemo Karen Rignall wa Marekani, wameeleza kwamba kilichoitwa ardhi isiyo na thamani kilikuwa sehemu ya maisha ya watu waliochunga na kutumia mimea yake, na kwamba ni kuitwa kwake hivyo ndiko kulikorahisisha kuchukuliwa kwake.

Mfugaji wa Garissa au wa Tana hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Yeye anajua kuwa ardhi isiyo na mtu mwezi huu ndiyo itakayookoa mifugo yake mwezi wa nane ukame ukibana. Haionekani kutumika kwa sababu imepumzishwa.

Uislamu hauoni malisho kuwa ni kitu kisicho na mwenyewe. Katika Hadithi iliyopokelewa na Abu Daud, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Zingatia ndugu msomaji: shamba la sola linagusa vyote vitatu. Linazuia malisho, linatumia maji, na linazalisha nishati inayofanya kazi ambayo zamani ilifanywa na moto. Hatusemi kwamba umeme uliozalishwa kwa mali ya mtu ni bure kwa kila mtu. Wanachuoni wameeleza kwamba maji ya mtoni ni ya wote, lakini uliyoyateka ukayatia katika chombo chako ni yako. Vivyo hivyo aliyetoa mali yake kugeuza jua kuwa umeme ana haki ya kulipwa. Ila mwenye kuzuia kilichokuwa cha wote ana deni kwa wote, na deni hilo haliondoki kwa kusema kwamba ardhi ilikuwa tupu.

Mtume (s.a.w.) pia alibatilisha desturi ya wakubwa wa zama za Jahiliya ya kujitengea malisho wao peke yao. Imepokelewa katika Sahihi Bukhari kwamba hakuna hima, yaani eneo la malisho lililozuiwa, isipokuwa kwa ajili ya Allah na Mtume Wake. Wanachuoni wakafahamu kwamba kiongozi anaweza kuzuia eneo kwa maslahi ya umma, lakini si kwa maslahi ya mtu binafsi.

Funzo la Umar (r.a.)

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alitenga hima kwa ajili ya wanyama wa sadaka na wa jihadi, akamweka mtumishi wake Hunayy kuisimamia. Wasia aliompa, uliomo katika Sahihi Bukhari, unafaa kusomwa katika kila ofisi inayosimamia miradi ya ardhi. Alimwamuru awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani dua hiyo hujibiwa. Alimwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Akatoa sababu: hao wawili mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kurejea, lakini maskini mifugo yake ikifa atamjia yeye na watoto wake kulia shida.

Kisha Umar akakiri jambo zito. Alisema kwamba wenyeji wanaona amewadhulumu, na kwamba ile ni ardhi yao waliyoipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa nayo. Lau si wale wanyama wa njia ya Allah, asingewazuilia hata shibiri moja.

Hapa tunapata mambo matatu. Kiongozi alizuia ardhi kwa haja ya kweli ya umma. Hata hivyo hakuiita tupu, bali alikiri kuwa ni ya wenyeji. Na aliacha mlango kwa mnyonge kabla ya tajiri. Malalamiko ya watu hayakuwa uasi mbele yake. Aliyasikia na akayataja kwa kinywa chake mwenyewe.

Je, serikali inaruhusiwa kutwaa ardhi ya mtu?

Asili ni kwamba mali ya Muislamu haihalaliki ila kwa ridhaa yake. Allah (s.w.t.) amekataza katika Suratun Nisaa, aya ya 29, kuliana mali kwa batili, akahalalisha biashara ya kuridhiana. Na imepokelewa na Bukhari na Muslim kwamba mwenye kuchukua shibiri ya ardhi kwa dhulma atafungwa shingoni nayo kutoka ardhi saba Siku ya Kiyama. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipotaka kiwanja cha kujenga msikiti wake Madina, kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kumpa bure, akakataa mpaka akakinunua. Ikiwa nyumba ya Allah haikujengwa juu ya ardhi ya yatima bila ya kulipiwa, mtambo wa umeme una hoja gani?

Hata hivyo dharura za umma zipo, na wanachuoni wamezizungumzia. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nne kilichofanyika Jeddah mwaka 1988, lilitoa azimio namba 29 juu ya kutwaliwa kwa mali za watu kwa maslahi ya umma. Haijuzu ila kwa masharti manne:

1. Mwenye ardhi alipwe fidia ya haraka na ya haki, inayokadiriwa na wataalamu, isiyopungua thamani yake sokoni.
2. Anayetwaa awe ni kiongozi wa nchi au naibu wake katika jambo hilo.
3. Iwe ni kwa maslahi ya umma yenye haja ya wote, kama misikiti, barabara na madaraja.
4. Ardhi hiyo isiishie kutumika katika uwekezaji wa umma au wa watu binafsi, wala isitwaliwe kabla ya wakati wake.

Baraza likaongeza kwamba sharti lolote likikosekana, kutwaa huko ni dhulma. Na ikiwa baadaye ardhi haihitajiki tena kwa kazi ile, mwenyewe wa asili au warithi wake wana haki ya kwanza ya kuirejesha kwa malipo ya haki.

Sharti la nne ndilo lenye uzito katika mada yetu. Umeme wa hospitali, shule na visima ni haja ya umma bila shaka. Lakini kampuni inayozalisha umeme na kuuza kwa faida ni mwekezaji pia. Kwa mtazamo wetu, njia iliyo salama katika dini kwa mradi wa kibiashara ni mkataba wa kukodi au wa kununua kwa ridhaa, mwenye ardhi akiwa na uwezo wa kweli wa kukataa. Isiwe kampuni inaivaa joho la serikali ili ipate kwa lazima na kwa bei ya chini kile ambacho ingepaswa kukiomba.

Sheria za nchi zetu zinasemaje

Muislamu pia anatakiwa kuzijua haki alizopewa na sheria ya nchi. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka mkataba wa uwekezaji juu ya ardhi ya jamii uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo katika mkutano. Ardhi ambayo jamii haijaisajili hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana. Jamii isiyosajili ardhi yake, basi, inaacha kalamu mikononi mwa mwingine.

Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya kukubali au kukataa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 inapotakiwa kuhamishwa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata maoni ya kijiji. Fidia inatakiwa iwe kamili, ya haki na ya haraka.

Sheria hizi si maandishi tu. Mwaka 2021, mahakama ya ardhi na mazingira mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi mkubwa wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, zilipatikana bila kufuata utaratibu. Mitambo 365 ilikuwa imekwishasimama. Aliyeruka hatua ya kuwauliza wenyeji mwanzoni aliikuta ikimsubiri mahakamani.

Maswali yanayoulizwa sana

*Je, inafaa kukodisha shamba langu kwa kampuni ya sola?* Inafaa. Kukodisha ardhi kwa fedha ni jambo linalojuzu kwa jamhuri ya wanachuoni. Sharti ni kuwa mipaka, muda na kodi vijulikane, na ieleweke nani ataondoa paneli na saruji mkataba ukiisha. Asiyejua kusoma mkataba asitie dole gumba mpaka asomewe na mtu anayemwamini, asiyelipwa na kampuni.

*Shamba bado lina jina la marehemu babu. Fidia imelipwa kwa kaka yetu mkubwa. Ni ya nani?* Ni mirathi, na ni ya warithi wote kwa mafungu aliyoyaweka Allah katika Suratun Nisaa. Dada, mama na mayatima wana haki yao ndani yake. Aliyetia saini ni mwakilishi, na alichopokea ni amana. Kuwaficha dada zake ni kula moto.

*Ardhi ni ya wakfu. Je, tunaweza kuiuza?* Asili ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Kukodisha ili mapato yaende alikokusudia mtoa wakfu kunawezekana, kupitia msimamizi halali. Lolote zaidi ya hilo lipelekwe kwa Kadhi na tume ya wakfu.

*Kuna makaburi ndani ya eneo.* Heshima ya maiti ni kama heshima ya aliye hai. Makaburi hayafukuliwi ila kwa dharura isiyo na njia nyingine. Hekta chache kuachwa nje ya uzio, pamoja na njia ya kuyazuru, si dharura kwa mradi wowote.

*Je, fidia ina zaka?* Fedha ambazo bado hujalipwa na huna mamlaka nazo, usizihangaikie. Ukizipokea zikafika nisabu na zikapitiwa na mwaka wa Hijria, utazitolea asilimia 2.5.

*Mzee wetu alipewa bahasha ili atukubalishe.* Hiyo ni rushwa, hata ikiitwa nauli. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji.

Anayepinga naye ana mipaka

Haki ya kulalamika haihalalishi uongo. Mitaani husikika kwamba paneli hufukuza mvua au kwamba huwafanya wanawake wasizae. Paneli ya sola hupokea mwanga wa jua na kuugeuza kuwa umeme. Haina uwezo juu ya mawingu wala matumbo ya uzazi. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Tena uvumi humsaidia yule yule unayempinga: akijibu uongo mmoja, ataachwa asijibu swali la kweli la fidia. Vilevile kukata uzio, kuvunja paneli au kumpiga kibarua ni dhulma juu ya dhulma. Kanuni ya dini yetu ni kwamba hakuna kudhuru wala kulipiza madhara kwa madhara.

Kabla ya kusema ndiyo

Nasaha zetu kwa maimamu, wazee na vijana: mradi ukitangazwa, itisheni kikao baada ya sala na muandike orodha. Njia za mifugo na visima ziko wapi, na je, zitaachwa wazi? Maji ya kuoshea paneli yatatoka wapi wakati wa kiangazi? Vijiji jirani vitaunganishiwa umeme lini, na kwa gharama ya nani? Ulizeni kama kondoo wanaweza kuchunga chini ya paneli. Jambo hili linafanyika katika nchi nyingi, kwani kondoo hula majani bila kupanda juu kama mbuzi, na uzio ukawa hauna haja ya kuwa ukuta. Wanawake wawepo na wasikike, maana wao ndio wanaojua umbali wa kuni na maji. Ahadi zote ziandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, imekuja kutufundisha kuandikiana, basi tusione haya kuomba karatasi.

Jua limetumikishwa na Allah kwa manufaa yetu sote, na kuligeuza kuwa umeme bila moshi ni shukrani njema kwa neema hiyo. Lakini jua ndilo la bure. Ardhi lilipoangukia ina wenyewe. Mradi ulioanza kwa kuwauliza na kuwalipa utakuwa na walinzi wengi kuliko walinzi wa getini.

Tunamuomba Allah atupe viongozi wanaoogopa dua ya aliyedhulumiwa, na atujaalie tuwe wakweli tunapodai na waadilifu tunapopokea. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.